Kile kibandiko cha "hakuna kurudisha" kilikufa 2013

Ingia duka lolote la simu hapa Nairobi. Luthuli, Moi Avenue, hata vile viduka vya ndani ndani huku kwetu Ngong Road. Angalia ukutani nyuma ya muuzaji, ama chini kabisa ya risiti. Utakipata. Mara nyingi kimeandikwa kwa Kiingereza, herufi kubwa, ati bidhaa ikishauzwa hairudishwi na pesa hairudi. Kimetundikwa pale kama picha ya rais.

Na kinafanya kazi. Ukirudi siku ya pili na simu iliyokataa kuwaka, muuzaji hata habishani na wewe. Ananyoosha kidole tu. "Buda, si ulisoma?" Unajiona mjinga, unatoka, unaenda kwa fundi, unalipa ngiri mbili juu ya zile ngiri kumi na tano ulizolipa jana. Na kama hiyo simu ndiyo ofisi yako, kama unapokea oda za chakula nayo ama unapost kazi zako nayo, kila siku imelala ni doh inapotea.

Leo nataka tuongee historia ya hicho kibandiko. Mimi si wakili, na chuo niliacha, lakini sheria za Kenya ziko mtandaoni bure kwa kila mtu na nimekaa nazo. Nilichokuta ni hiki: hicho kibandiko kiliwahi kuwa na nguvu ya kisheria, tena kwa miaka mingi. Kiliipoteza tarehe 14 Machi 2013. Tangu siku hiyo kinaishi kwa sababu watu hawajui kilishakufa.

Twende pole pole, kwa sababu safari inaanzia mbali.

Jiwe la London

Mwaka 1603 kuna kesi iliamuliwa Uingereza, inaitwa Chandelor na Lopus. Jamaa alinunua jiwe kutoka kwa sonara kwa pauni 100, pesa nyingi sana enzi hizo. Aliambiwa ni bezoar, jiwe linalotoka tumboni mwa mnyama, ambalo watu waliamini linaondoa sumu mwilini. Kumbe halikuwa. Akashtaki. Akapoteza kesi. Majaji walisema sonara alitaja tu kwamba ni bezoar, hakutoa dhamana kwamba ni bezoar. Kwa hivyo shauri ya mnunuzi.

Huo ndio ulikuwa msimamo wa zamani: mnunuzi ajihadhari. Na kusema ukweli, sokoni ulikuwa na maana yake. Ukienda Kiamaiko kununua mbuzi, unaweza kumshika mgongo, kumwangalia meno, kumtembeza. Ukiuziwa mgonjwa, hata wewe ulikuwa na macho.

Shida ilianza viwanda vilipokuja. Bidhaa zikawa zinatoka zimefungwa, mnunuzi haoni ndani. Majaji wa Uingereza wakaanza kubadilisha msimamo kidogo kidogo katika miaka ya 1800, kesi moja baada ya nyingine. Mwishowe mtu mmoja anaitwa Mackenzie Chalmers akapewa kazi ya kukusanya maamuzi hayo yote na kuyaweka kwa sheria moja. Ikapitishwa 1893.

Wazo kubwa la hiyo sheria ni rahisi. Ukinunua kitu kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu hivyo, kuna masharti yanayoingia kwa mkataba hata kama hakuna aliyeyataja. Kitu lazima kilingane na vile kilivyoelezwa. Na kiwe na ubora ambao kitu cha aina hiyo kinafaa kuuzwa nao. Huhitaji kuomba, huhitaji kuandikiwa. Yule jamaa wa 1603 angekuwa amenunua jiwe lake chini ya sheria hii, angerudishiwa pauni zake.

Sheria iliyokuja na wakoloni

Tarehe 1 Oktoba 1931 sheria hiyo ilianza kutumika Kenya, sehemu nyingi karibu neno kwa neno. Bado iko. Inaitwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Shosho yako pengine alikuwa hajazaliwa. Hakuna aliyekuwa ameota simu ya mkononi. Lakini ukisoma sehemu ya 15 na ya 16, ni kama mtu alikuwa amesimama Luthuli akiangalia. Sehemu ya 15 inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na hayo maelezo. Umeambiwa memori ni GB 128, ukifika nyumbani unapata 32, muuzaji amevunja mkataba. Sehemu ya 16 ndiyo ile ya ubora. TV inayozima baada ya dakika kumi haifai kuuzwa kama TV.

Kwa hivyo wale wanaosema ati haki za mnunuzi ni mambo mapya ya wazungu wa siku hizi, hapana. Zimekuwa kwa vitabu vyetu tangu 1931.

Lakini zilikuja na shimo. Sheria ile ile iliruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana kwamba hayo masharti hayatatumika. Na si kwa kuandikiana tu. Hata mazoea ya biashara kati yenu, ama desturi ya soko inayowafunga wote wawili, yangeweza kutosha. Hapo ndipo kibandiko kilipata kazi. Ukikiona kabla ya kulipa, halafu ulipe, muuzaji angeweza kumwambia hakimu: tulikubaliana.

Waingereza wenyewe waliona hilo shimo. Mwaka 1973 walipitisha sheria nyingine wakaliziba kwa wanunuzi wa kawaida. Muuzaji wa London hangeweza tena kujificha nyuma ya ukuta. Sisi wakati huo tulikuwa na uhuru wa miaka kumi, na tulibaki na toleo la 1893. Shimo lililozibwa kwao likabaki wazi kwetu miaka 40 zaidi.

Usiku simu zilipozimwa

Sasa tuje kwa hadithi ambayo wengi wenu mlikuwa wadogo mkaisikia tu nyumbani.

Mwaka 2009 serikali iliondoa VAT kwa simu za mkononi. Simu zikashuka bei, na pamoja na zile halali zikaingia simu feki kwa wingi. Mnazikumbuka. Laini mbili au tatu, spika ya kuamsha ploti nzima, antena ya TV ya kuvuta, na jina linalofanana na la kampuni kubwa ila herufi moja. Zilikuwa bei ya chini na watu walizipenda.

Kila simu halali ina namba ya IMEI, tarakimu 15, kama namba yake ya kitambulisho. Feki nyingi zilikuwa na namba za uongo, ama namba moja imewekwa kwa simu kibao. Tume ya Mawasiliano, wakati huo ikiitwa CCK, ikatangaza kwamba simu feki zitazimwa mwisho wa Septemba 2012. Watu wakaambiwa wabonyeze *#06#, wachukue ile namba, waitume kwa 1555 wajue simu yao ni ya ukweli ama ni feki. Tarehe 30 Septemba ikapita. CCK ilisema zimezimwa simu kama milioni 1.89.

Hebu fikiria hiyo hesabu. Tuseme tu, kwa mfano, kila moja ilinunuliwa elfu mbili. Hiyo ni shilingi bilioni 3.78 zilizogeuka plastiki usiku mmoja. Na nyingi zilikuwa za watu ambao elfu mbili kwao ni bajeti ya mwezi.

Sasa uliza swali ambalo halikuulizwa sana wakati huo. Hizo pesa zilikuwa wapi? Kampuni za mtandao hazikuzichukua. CCK haikuzichukua. Zilikuwa kwa wauzaji, na kwa walioingiza hizo simu. Mtu aliyeuziwa simu kama ya kampuni fulani akapata ya kampuni nyingine alikuwa na kesi chini ya sehemu ya 15 ya sheria ya 1931. Tena si hiyo peke yake. Katiba yetu ilizinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, na kifungu cha 46 kinasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupata habari anazohitaji, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Fidia. Imeandikwa kwa Katiba, na ilikuwa na miaka miwili tayari simu zilipozimwa.

Lakini serikali haikuwa na mpango wowote wa kurudishia watu pesa zao. Kulikuwa na mpango wa kuzima. Kila mtu aliachwa amtafute muuzaji wake mwenyewe. Na nani angeenda mahakamani kwa sababu ya elfu mbili? Wakili mmoja angeitisha zaidi ya hiyo kabla hajafungua faili. Kesi za kawaida zilikuwa zinakaa miaka. Ungeshinda ukiwa umeshanunua simu zingine tatu.

Kwangu mimi hapo ndipo historia yote inaeleweka. Watu waliozimiwa simu 2012 walikuwa na haki mbili, ya 1931 na ya 2010. Walichokosa ni mahali pa kuzipeleka ambapo gharama haizidi simu yenyewe.

14 Machi 2013

Siku 73 baada ya simu kuzimwa, tarehe 13 Desemba 2012, Rais Kibaki alitia sahihi Sheria ya Kulinda Watumiaji. Ilianza kutumika 14 Machi 2013, siku moja kabla ya siku ya kimataifa ya haki za watumiaji. Wabunge hawakuibuni kutoka hewani. Sehemu kubwa inafanana na sheria ya mkoa wa Ontario, Canada, ya mwaka 2002. Kwa hivyo tulitoa ya kwanza Uingereza, tukatoa ya pili Canada. Sawa tu, bora inafanya kazi.

Sehemu ya 5 ndiyo ninataka uikumbuke. Inasema muuzaji anahesabiwa kuwa ametoa dhamana ya ubora hata kama hajasema neno. Halafu inasema maneno yoyote yanayojaribu kufuta au kupunguza hayo masharti, yawe ndani ya mkataba ama nje yake, ni batili. Yawe ndani ama nje. Hapo ukuta umeingia, risiti imeingia, hata ile "sisi haturudishangi" ya mdomo imeingia. Lile shimo la 1893 likazibwa.

Na kama ulidanganywa, kwa mfano uliambiwa simu ni mpya kumbe imetumika ikapigwa rangi, sheria hiyo inakupa mwaka mmoja tangu mkataba kumwandikia muuzaji kwamba unauvunja.

Tuelewane lakini. Kibandiko bado kina kazi moja. Kama ulinunua spika nyeusi ukafika nyumbani ukatamani nyekundu, ama umeona bei rahisi duka la pili, hapo muuzaji ana haki ya kukukatalia. Sheria haimlazimishi akurudishie pesa kwa sababu umebadilisha roho. Inamlazimisha kama kitu ni kibovu ama si kile ulichoambiwa. Ni vitu viwili tofauti, na wauzaji wengine wanapenda kuvichanganya makusudi.

Kitu kingine wanachochanganya ni waranti. Utaambiwa "hii haina waranti", ama "waranti ni ya wiki mbili na imeisha jana". Waranti ni ahadi ambayo duka ama kampuni inakuongezea. Haichukui nafasi ya yale masharti ya sheria. Friji ambayo motor imekufa baada ya wiki tatu bado ni friji ambayo haikufaa kuuzwa.

Mlango ulipofunguliwa

Bado kulikuwa na ile shida ya 2012. Haki iko, utaipeleka wapi?

Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016. Mwanzoni ilikuwa ya madai yasiyozidi shilingi 200,000, halafu 2020 ikapandishwa hadi milioni moja. Mahakama yenyewe ilifunguliwa Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai ya mikataba ya kuuza bidhaa, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa watu wa Woodley na Kibra hii ni karibu kabisa. Ukipanda matatu ya kwenda tao kwa Ngong Road, Milimani iko njiani, juu pale Community. Ile njia unayorudi nayo kutoka Luthuli ukiwa na simu mbovu mfukoni inapita karibu na mlango wa mahakama.

Hesabu miaka sasa. Haki 1931. Shimo kuzibwa 2013. Mlango 2021. Miaka 90 kutoka mwanzo hadi mwisho. Sisi ndio kizazi cha kwanza Kenya kilicho na vyote vitatu kwa wakati mmoja, na bado tunageuzwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu.

Na muuzaji je?

Najua wengine mnauza. Nina marafiki wana stoo tao, wanalipa kodi kubwa kwa nafasi ya kusimama tu. Na kuna wateja wasumbufu, hilo tusikatae. Mtu anaangusha simu kwa maji, anaikausha kwa mchele, anarudi kesho akisema ilikuwa hivyo.

Sheria haimtupi huyo muuzaji. Kama mnunuzi alikagua kitu dukani, hawezi kulalamika juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha. Skrini iliyopasuka mbele ya macho yako ni yako. Betri ambayo inavimba siku ya nne ni yake. Ndiyo maana wote wawili mnafaa kuiwasha pale pale, mjaribu chaja, kamera, spika, laini. Inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Na muuzaji wa stoo naye ni mnunuzi wa mtu. Yule aliyemletea boksi la simu mbovu alimuuzia chini ya sheria ile ile ya 1931, kwa hivyo naye ana pa kudai. Hasara inafaa kupanda juu hadi kwa aliyeleta uchafu, badala ya kukaa kwa mtu wa mwisho kwenye foleni, ambaye ni wewe.

Basi ufanye nini?

Kwanza, ushahidi. Wazee wa 2012 wengi walinunua kwa keshi bila risiti. Wewe ukilipa kwa M-Pesa una ujumbe wenye jina la duka, tarehe na kiasi. Usiufute. Itisha risiti pia, na waandike aina ya simu na namba ya IMEI.

Pili, usikae nayo. Uingereza siku hizi wana siku 30 za kurudisha kitu kibovu wapewe pesa zote. Kwetu sheria inasema muda unaofaa, bila kutaja siku. Ukikaa na simu miezi mitano bila kusema chochote, utahesabiwa umeikubali, na hapo utadai fidia tu, hutaweza kuikataa yote. Kwa hivyo siku umeona shida, mwandikie muuzaji. Ujumbe mfupi unatosha: nilinunua tarehe hii, ina shida hii, nairudisha, naomba pesa zangu. Usipeleke kwa fundi wa nje kwanza, kwa sababu ikishafunguliwa utaambiwa ni fundi aliharibu.

Tatu, kama ulidanganywa juu ya ubora ama asili ya bidhaa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, maana sheria yake ya 2010 ina sehemu nzima kuhusu wanunuzi kupotoshwa. Akikataa kabisa, Milimani.

Mara nyingi hutafika huko. Muuzaji akiona mteja ana ujumbe wa M-Pesa, ameandika tarehe, na anataja sehemu ya 5 bila kupiga kelele, anaanza kuongea lugha nyingine. "Sister, keti kidogo tuone."

Kwa hivyo ukienda tao wiki hii, kabla ya kubonyeza PIN, uliza swali moja: hii ikikataa kufanya kazi kesho, tunafanyaje? Akikujibu vizuri, mpe biashara na uwaambie wenzako. Akikuonyesha ukuta, mwambie kwa heshima kwamba hayo maandishi yaliisha nguvu 14 Machi 2013, halafu uende duka la pili na doh yako ikiwa bado mfukoni.